Maji ya mgongo wa baba mdogo

Majirani zetu wa Kadutu walikwisha toa hukumu kabla ya daktari: ni karuho, sumu ambayo mtu hutiliwa kwa siri kwenye chakula au pombe. Baba mdogo alikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye matanga huko Bagira, akaharisha, kisha baada ya siku kadhaa miguu ikaanza kufa ganzi, mwishowe ikakataa kusimama. Bukavu, mtu akiugua namna hiyo, nani atatafuta sababu nyingine? Mganga wa kumtapisha alikuwa amekwisha patikana. Tulibishana naye na mama mdogo zaidi ya wiki nzima ndipo nikampeleka baba mdogo hospitali.

Daktari akamgonga magoti kwa kinyundo; mguu haukuruka. Akasema anataka kufanya ponksio, achukue maji ya uti wa mgongo.

"Docta, munamutoboa mugongo? Atalemala!" mama mdogo akalia.

Kulemaa kulikuwa kumetangulia sindano, lakini huwezi kumjibu mama hivyo. Daktari aligeuka, akajigusa mgongo wake mwenyewe: ile kamba nene itokayo kwenye ubongo inaishia hapa, juu ya kiuno, sindano inapita chini yake, palipobaki nyuzi nyembamba zinazoelea majini.

Walimlaza ubavu, magoti yakakaribia kidevu, nikamshika mabega. Nilitegemea usaha. Yakadondoka maji maangavu, tone kwa tone, ndani ya vichupa. Mama mdogo akashangilia: maji safi, basi hana ugonjwa!

Karatasi ya labo ilisema vingine. Chembe nyeupe za damu 2 tu kwa milimita ya ujazo, kwa hiyo homa ya uti wa mgongo haikuelekea kuwa ndiyo. Lakini protini gramu 1.6 kwa lita, na kwa kawaida hazizidi 0.45 hivi. Protini nyingi, chembe chache: ndivyo madaktari Guillain, Barré na Strohl walivyoona mwaka 1916 kwa askari wawili wa Ufaransa, katika ugonjwa ambao sasa unaitwa Guillain-Barré. Na kumbe ule ubishi wetu ulitusaidia, maana wiki ya kwanza protini huweza kuwa bado hazijapanda.

"Na nani alimutilia hizo protini?" mama mdogo akauliza.

"Ni mwili wake mwenyewe, mama." Kinga iliyoamshwa na kuhara ilikuwa imegeukia mishipa yake ya fahamu.

Dawa za kutuliza kinga hiyo hatukuzipata. Tulichunga pumzi yake usiku na mchana, tukamnyoosha miguu, hadi akatembea, kwanza kwa fimbo. Mama mdogo aliikubali habari ya protini, ila kwenye matanga ya Bagira hakanyagi tena.