Turbo walisema imekufa

Fundi wa kwanza hata boneti hakuifungua vizuri. Alichomeka mashine yake ya kusoma makosa ya gari, ikaleta namba P0299, akanigeukia na sura ya msiba, "bosi, hii turbo imekwisha, tafuta nyingine." Turbo ni ile feni inayosukumia injini hewa ya ziada. Nikamuuliza umejuaje, akanionyesha kioo cha mashine, si hii hapa imeandika presha ya turbo iko chini. Sasa mimi sio fundi ila hapo nikasita kidogo, maana presha kuwa chini ni kitu kimoja na turbo kufa ni kitu kingine kabisa. Nikamshukuru nikaondoka na gari yangu ikitambaa.

Ilivyotokea ni hivi. Gari ni ya petroli, injini ndogo ya lita 1.4 yenye turbo, nimeinunua ikiwa imeshatumika na nilikuwa sijakaa nayo sana. Napanda mlima nyuma ya lori, nikapata upenyo wa kuovateki, nikashusha gia nikakanyaga mafuta mpaka chini, gari ikachomoka vizuri tu halafu ghafla nikasikia fyaaaa huko mbele na nguvu zote zikaisha palepale. Sio kwamba injini ilizima, hapana, inanguruma lakini gari haiendi. Ikabidi nirudi nyuma ya lori kwa aibu. Kwenye kioo cha nyuma naona moshi mweusi, taa ya injini nayo ikawaka.

Kilichonichanganya, nilipopaki pembeni gari ikakaa sailensi (inanguruma bila kukanyaga mafuta) safi kabisa, haitetemeki, haina misi, temperecha iko kawaida. Ukiendesha taratibu huwezi kujua kama inaumwa. Ukitaka nguvu ndio unagundua hakuna kitu.

Fundi wa pili alikuwa mzee mmoja anayemtengenezea kaka yangu gari miaka mingi. Huyu alianza na maswali, spana hakuigusa. Moshi ulikuwa rangi gani? Mweusi, mzee. Sio bluu? Hapana. Oili inapungua? Haipungui. Ulisikia mlio kama king'ora kabla? Sikusikia. Akasema basi mwanangu tusiizike turbo ikiwa hai, turbo ikifa kweli mara nyingi utaona moshi wa bluu wa oili au utaisikia inalia vibaya, ile shafti yake inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, ikiharibika haiwi siri.

Halafu na yeye akatoa mashine, ila hakuishia kwenye namba za makosa, alifungua zile data zinazosoma gari ikiwa inatembea. Kwanza swichi on bila kuwasha injini, sensa ya presha ya intake (njia ya hewa kuingia kwenye injini) ikasoma karibu na kilopaskali 100, akasema hii ni presha ya hewa ya kawaida tu, maana yake sensa yenyewe haidanganyi (ukiwa juu milimani itasoma chini ya hapo na sio ubovu). Tukaingia barabarani, mimi naendesha yeye kashika mashine, akaniambia kanyaga. Kompyuta inaomba 180, inapata 112. Yaani injini ilikuwa inavuta hewa karibu kama haina turbo, ndio maana mlima uliishinda, injini ndogo vile bila turbo ina nini?

Hapo ndio akanifundisha kitu ambacho mpaka leo naona ni utamu wa hii kazi. Akasema angalia moshi. Kama shida ingekuwa petroli haifiki, labda pampu au filta imeziba, injini ingekosa mafuta na moshi mweusi usingekuwepo. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Na kwenye gari yangu sensa ya kupima hewa inakaa kabla ya turbo, kwa hiyo hewa ikishapita pale imeshahesabiwa, kompyuta inamwaga petroli ya hewa yote ile, kumbe njiani nusu imetorokea nje. Silinda zinapata mafuta ya watu wengi na hewa ya wachache. Na ukiwa sailensi turbo haisukumi, kwenye hizo hozi hakuna presha ya maana, ndio maana gari ilikuwa inatulia. Yaani bado hajafungua kitu ila mimi nilishaamini.

Turbo aliikagua pia, hakuipuuza. Injini imepoa, akatoa hozi ya kuingizia hewa, akazungusha propela kwa kidole, ikazunguka laini, akaisukuma pembeni ikacheza kidogo sana, akaivuta mbele na nyuma haikucheza, mapanga hayajang'oka hata kidogo. Kulikuwa na oili imepaka ndani ya hozi, mimi nikashtuka, yeye akacheka, akasema mvuke wa oili wa injini unarudishwa humohumo, utando kidogo ni kawaida, ikiwa inachuruzika ndio uje uniite. Na westigeti, kile kilango kinachozuia presha ya turbo isizidi, akaipima kwa pampu ya mkono, kile kifimbo kikasogea na presha ikashika.

Ikabaki kutafuta pa kuvujia. Kwa macho hozi zote ziko sawa, kutoka kwenye turbo mpaka intakula (rejeta ya kupoza hewa ya turbo) na kutoka intakula mpaka throtobodi (mlango wa hewa wa injini). Akachukua kifuniko cha bomba la plastiki, ametoboa na kuweka valvu ya tairi, akakifunga mdomoni kwa turbo akaunganisha kompresa, presha chini ya bar moja, alisisitiza hapo, ukijaza kama unajaza tairi la lori utang'oa sili za injini. Kukawa na mlio wa hewa kwenye tundu la kujazia oili, nikasema hapa hapa! Kumbe sio, pale lazima hewa kidogo ipite kwenye ringi za pistoni. Akanyunyiza maji ya sabuni kwenye hozi. Juu hakuna kitu. Akaingia chini ya gari, na hozi ya chini inayoingia kwenye intakula upande usioonekana kabisa ikaanza kutoa povu kubwa.

Tukaitoa. Ulikuwa mpasuko mrefu, na juu yake mabaki ya silikoni nyeusi ile ya kuzibia gasketi, imepakwa kwa ustadi ukiangalia haraka unadhani ndio mpira wenyewe. Silikoni haishiki kwenye mpira wenye oili, na presha ikija kila siku lazima ipasuke tu, basi siku ya mlima ndio ilipasuka.

Tukaweka hozi mpya na klempu mpya, gari ikarudi, kompyuta inaomba 180 inapata 178. Nikadhani yameisha. Haikuchukua muda hozi mpya ikachomoka kwenye mdomo wake, haijapasuka, imechomoka tu. Mzee safari hii hakutafuta povu. Aliniambia nikae ndani, nikanyage breki kwa nguvu, niweke gia halafu niachie klachi kidogo sana huku natia mafuta, yeye kasimama pembeni sio mbele, boneti iko wazi. Injini ikaruka juu! Mpaka mimi niliyekaa ndani niliiona. Mauntingi moja, yaani kishikizo cha injini kwenye bodi, mpira wake ulikuwa umekatika kabisa, kila nikikanyaga mafuta injini inainuka na kuivuta ile hozi, intakula yenyewe imefungwa kwenye bodi haiendi popote. Kwa hiyo hata hozi ya kwanza haikupasuka kwa uzee peke yake.

Mauntingi ikabadilishwa, na ule mtikisiko wakati wa kubadilisha gia ambao nilidhani ni tabia ya gari ukaisha nao. Hozi haijatoka tena.

Nilimpigia simu aliyeniuzia, sio kwa ugomvi, nilitaka tu kujua. Nikamwambia ndugu yangu, ile hozi ya chini ya intakula ilikuwa na silikoni. Akajibu bila hata kufikiri, "aah ile, si niliiziba? Imeachia tena?"