Mjomba, huku nako kuna nyumba

Kila Jumapili mjomba wangu akinipigia kutoka Pangani huwa na maswali mawili. La kwanza ni baridi imefika ngapi. La pili: "Na yule mjukuu wangu, bado anafagia barafu?"

Bado, Mjomba. Juzi Jumamosi timu ya binti yangu Mwanaisha imetolewa kwenye mchujo wa jimbo wa kalingi, mchezo wa kutelezesha mawe barafuni, tena kwa jiwe la mwisho, na ndani ya gari hakufungua mdomo mpaka tumefika nyumbani. Nimekaa kuandika haya kwa sababu balaa lote hili nililianzisha mimi mwenyewe, Januari ya 2019.

Wakati huo tulikuwa bado wageni hapa Prince Albert, Saskatchewan. Mimi ni mpishi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mzee mmoja pale, mkulima mstaafu wa ngano, akaniambia mji wetu unapokea mashindano ya taifa ya vijana ya kalingi na wanatafutwa watu wa kujitolea wenye leseni ya udereva. Nikauliza kalingi ndiyo nini. Akanitazama kama niliyeuliza chumvi ndiyo nini.

Nikapewa kazi ya kubeba timu kutoka hotelini hadi uwanjani. Asiyewahi kuishi huku hajui kwamba gari nalo huchomekwa kwenye umeme usiku, kama simu, ili injini isigande. Waya unaning'inia mbele ya boneti. Asubuhi ya kwanza nilisahau kuuchomoa. Nikaondoka nao, nikauburuta barabara nzima, na watoto wa watu nyuma wanacheka mpaka machozi. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Waya.

Timu zilikuwa 28: wavulana 14, wasichana 14, wote chini ya miaka 21. Kanada ina majimbo kumi na maeneo matatu ya kaskazini, jumla 13. Ya 14 inapatikana kwa sababu Ontario Kaskazini huleta timu yake peke yake. Kila niliyemwuliza sababu alianza kubishana na aliyekaa jirani yake, nikaacha kuuliza. Mechi zilichezwa kwenye klabu ya mji na Art Hauser Centre, ambao siku zote ni uwanja wa mpira wa magongo wa barafuni, nyumbani kwa timu ya Raiders.

Nilipoingia nikamkuta mwanamume anatembea kinyumenyume juu ya barafu, mgongoni kabeba tangi, mkononi mpira, anarusha maji kulia na kushoto. Nikasema huyu anapulizia dawa mikorosho. Kumbe ndiyo siri yenyewe. Yale matone yakianguka yanaganda papo hapo, barafu inatoka vipele. Jiwe halikai juu ya barafu, linakaa juu ya vipele, na hata chini yake limechongwa likabaki duara jembamba tu la kugusia. Likisharushwa, wenzake wawili wanalitangulia na mafagio, wanasugua kama wanaong'oa masizi kwenye sufuria. Msuguo unaipasha barafu joto kidogo, jiwe linakwenda mbali zaidi na linachelewa kupinda.

Maana lazima lipinde. Mrushaji akiliachia analizungusha polepole kwa mkono wake, na linapoishiwa nguvu ndipo linapokata kona, pole kabisa, kama jahazi linaloingia bandarini. Jiwe moja lina uzito wa karibu kilo 20. Hebu fikiria ndoo kubwa ya maji, iliyojaa, unaisukuma ukiwa umepiga goti moja huku unateleza, na unataka isimame mahali penye ukubwa wa sinia, zaidi ya mita 28 kutoka ulipoiachia. Mawe ya mashindano makubwa yana itale iliyotoka Ailsa Craig, kisiwa kidogo kwenye bahari ya Uskoti kisichokaa watu. Nililipapasa moja wakati wa mapumziko. Baridi yake ilipanda mpaka kwenye kiwiko.

Usiku huo mjomba alipiga.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Eti unashinda kutazama watoto wanasukuma mawe? Wanayapeleka wapi?"

"Kwenye nyumba."

Akanyamaza kidogo. "Nyumba ipi?"

Hapo ndipo nilipojua nimempata. Mjomba wangu ni fundi wa bao. Barazani kwao, karibu na kivuko, wako watu wazima na ndevu zao wanaoahirisha safari ya Tanga wakisikia ameketi. Zile duara zilizochorwa barafuni, kubwa yake ina kipenyo cha mita 3.66, wenyewe wanaziita nyumba. Sikulitunga mimi jina hilo. Nikamweleza: kila timu ina watu wanne, kila mtu mawe mawili. Yakiisha yote 16 wanatazama nyumbani. Jiwe lililo karibu zaidi na kitovu ndilo linalohesabiwa, na wenzake wa rangi moja wanahesabiwa mpaka lifikiwe la kwanza la adui. Timu moja tu inapata pointi, nyingine haiambulii kitu. Kisha wanageuka, wanacheza kurudi upande wa pili, mara kumi.

"Na anayemaliza kurusha?"

"Huyo ana nyundo. Ndivyo wanavyoita, nyundo. Akipata pointi, nyundo inakwenda kwa mwenzake."

"Sasa akiona atapata moja tu?"

Nilikuwa sijalifikia hilo. Ilibidi kesho yake nimwulize mtoto mmoja wa Manitoba niliyempakia. Akanijibu bila kutoa macho kwenye simu yake: unalipitisha jiwe lako nje kwa makusudi, nyumba inabaki tupu, hakuna aliyepata, na nyundo inabaki kwako kwa raundi inayofuata. Nilipompelekea mjomba jibu hilo alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe wana akili," akasema. Alikuwa ameshalikisia. Mchezaji wa bao anajua kukaa na nyumba yake asiile, kete zinaongezeka, mpaka siku ya kuisafirisha.

Kitu kimoja tu kilimkera. Kuna mstari ambao jiwe lisipouvuka linatolewa mchezoni, nao jina lake ni mstari wa nguruwe. "Astaghfirullah," akasema, "hawakupata mnyama mwingine?"

Zaidi ya bao lakini kuna jambo nililoliona kwa macho yangu, na bado nalikumbuka. Ilikuwa mechi ya wasichana, asubuhi, watazamaji wachache na kahawa zao. Binti mmoja anafagia mbele ya jiwe la timu yake, yote yanakwenda vizuri, na mimi niliyekaa safu ya pili sikuona kitu. Mara akanyoosha mkono juu. Ufagio wake ulikuwa umeligusa jiwe, kidogo tu. Hakuna mwamuzi aliyepuliza filimbi, hakuna mpinzani aliyelalamika. Amejisema mwenyewe. Jiwe likatolewa, nahodha wao akatikisa kichwa mara moja, wakaendelea. Wakapoteza ile mechi, na kabla raundi hazijaisha, kwa sababu walipoona hesabu haiwezekani tena walivua glavu wakawapa wenzao mikono. Mimi nimelelewa kwenye Simba na Yanga. Nilibaki nimeshika kikombe.

Wazee wa kujitolea walinijaza historia wakati tunasubiri magari yapate moto. Mashindano ya wavulana yalianza 1950. Wasichana wakangoja mpaka 1971, na kuanzia 1987 yakachezwa pamoja. Kila mzee alikuwa na mtoto wake aliyemwona "kabla hajawa mtu". Jennifer Jones alichukua ubingwa huu wa vijana 1994 akiwa na Manitoba, na miaka 20 baadaye akachukua dhahabu ya Olimpiki Sochi bila kufungwa mechi hata moja. Brad Gushue wa Newfoundland aliuchukua 2001, dhahabu yake ya Olimpiki ikaja 2006.

Mwaka wetu wasichana wa Alberta chini ya Selena Sturmay ndio waliobeba. Kwa wavulana ilikuwa British Columbia ya Tyler Tardi, mara ya tatu mfululizo, jambo ambalo nahodha yeyote wa wavulana hakuwahi kulifanya. Mabingwa wakaenda kwenye mashindano ya dunia ya vijana Liverpool. Mjomba akapiga kelele ya furaha, ikabidi nimkatishe: hii ni Liverpool ya Nova Scotia, mji mdogo wa pwani, hakuna Salah. Tardi alirudi na dhahabu.

Siku ya fainali nilimchukua Mwanaisha, wakati huo ana miaka tisa. Nilidhani atachoka baada ya nusu saa, mechi yenyewe huchukua karibu masaa matatu. Hakwenda hata chooni. Njiani kurudi akaniuliza: "Baba, mbona yule hakulipiga lile jekundu la nyuma?" Sikuwa na jibu. Wiki mbili baadaye nimemnunulia kiatu chenye soli ya kuteleza, mguu mmoja tu, na klabuni wakampa yale mawe mepesi ya watoto.

Sasa ni nahodha. Yeye ndiye anayesimama ndani ya nyumba, anaweka ufagio pa kulenga, anapiga kelele "Fagia! Fagia!" kwa sauti ambayo hapa kwetu akiitumia mezani mama yake humkata jicho. Juzi aliitisha jiwe la kugonga, akalirusha mwenyewe, likapinda unene wa kidole zaidi ya alivyotaka. Basi.

Jana asubuhi mjomba alipiga kwa video. Mwanaisha hakutaka kuja, akaja. Alikuwa ameipiga picha ile nyumba kabla ya jiwe la mwisho, akamwonyesha: mekundu matatu, manjano mawili, moja limejificha nyuma ya jingine. Mjomba akavaa miwani. Akaisogeza simu, akaitoa mbali, akaisogeza tena. Nyuma yake nikasikia mtu anamwuliza zamu ya nani kwenye bao, akamwambia subiri. Akakaa dakika nzima, kidole kinagonga kioo.

"Hili la kushoto," akasema mwisho. "Ungelipiga hili la kushoto, mambo yote yamekwisha."

"Babu," Mwanaisha akasema, na hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, "hilo ni letu."