Mama hazina alivyonirekebishia mchoro

Nilipoombwa kutengeneza mfumo wa kikoba cha mtaani kwetu, nilimaliza mchoro wa data usiku mmoja: visanduku vya vitu vya kuwekewa kumbukumbu na mistari ya uhusiano wao, mtindo ulioanzishwa na mtaalamu wa kompyuta Peter Chen mwaka 1976. Mwanachama ananunua Hisa, anachukua Mkopo, Mkopo una Marejesho. Programu ya kuchorea haikulalamika. Mweka hazina, mama hazina tunavyomwita, naye aliutazama akasema, "Sawa, mwanangu." Sawa hiyo ilinila wiki tatu za kuandika msimbo.

Siku ya kuingiza daftari lenyewe, ukurasa wa kwanza tu nikakwama. Mama mmoja alikuwa namba 7 na pia namba 19. Nikadhani mwandishi kakosea.

Mama hazina akacheka: "Kakosea nini? Anacheza majina mawili. Hisa ananunua mara mbili, anakopa mara mbili, ila faini ya kuchelewa analipa moja. Mwili si mmoja?"

Kumbe mtu na jina ni visanduku viwili, mimi nimevibana katika kimoja.

Mwaka 1994 watafiti Lindland, Sindre na Sølvberg wa Norwe waliutazama ubora wa michoro ya aina hii kwa pande tatu: kufuata kanuni za uchoraji, kusema kweli na kwa ukamilifu kuhusu jambo lenyewe, na kueleweka na wahusika. Mimi nilifaulu upande wa kwanza tu, na huo nilifanyiwa na programu.

Nikaacha kumwonyesha mama hazina mchoro. Kila mstari niliugeuza sentensi ya Kiswahili yenye mfano kutoka daftarini, kama wanavyofanya watu wa ORM (Object-Role Modeling), njia ya kupanga data kwa sentensi za kawaida iliyokuzwa na mtaalamu Terry Halpin. "Mkopo wa namba 12 umedhaminiwa na namba 4." Akajibu, "Na wenzake wote wa kundi la watano, usiwasahau." "Hisa ina bei moja." "Mzunguko huu, ndiyo. Uliopita ilikuwa nyingine." Bei ikahamia kwenye kisanduku kipya, Mzunguko.

Bado kulikuwa na tatizo la adabu: mama huyu hapendi kumkatalia mgeni, na aliyeshika kompyuta kwake ni mgeni hata kama kamwona akizaliwa. Nikaanza kuchomeka uongo kwa makusudi. "Mtu mwenye majina mawili anaweza kujidhamini mwenyewe." Akaruka: "Wee! Nani kakudanganya?" Kila alipong'aka nilipata sharti ambalo nisingelipata kwa kuuliza kistaarabu. Kwa Jumamosi tatu, kila baada ya kikao, tulifanya hivyo, na visanduku vinne vikawa tisa.

Sentensi moja ilinishinda: "Fedha ya msiba kutoka mfuko wa jamii ni mkopo." Mama hazina akasema ndiyo, inarudishwa bila riba. Katibu akasema hapana, ile ni pole. Nikakiacha kisanduku hicho wazi, wakalipeleka suala kikaoni. Walibishana mpaka magharibi, wakapiga kura, ndipo nikachora.