Nilivyoujua umri wa kibanda cha bendi cha Forodhani

Picha yenyewe ni ndogo kama kiganja, na kona moja imeliwa na mchwa. Bibi yangu kasimama na buibui lake, kampakata mtoto mchanga, na nyuma yake kinaonekana kibanda cha bendi cha Forodhani, ile bustani ya pwani ya Mji Mkongwe, Unguja. Mama, aliyezaliwa 1957, alikuwa akisema mtoto yule ni yeye. Mjomba, mkubwa wake kwa miaka kumi, akisema ni yeye. Bibi keshatangulia mbele ya haki, na nyuma ya picha hapakuandikwa kitu.

Nilikuwa nikiahirisha tu. Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la Masultani, ilipoporomoka, hapo hapo mkabala na bustani, niliona sina tena ruhusa ya kuchelewa. Jumba la tangu 1883 limeanguka mchana kweupe. Kibanda kidogo kitasimuliwa na nani?

Kila niliyemuuliza mwanzo alinambia kibanda kilijengwa kwa ajili ya binti mfalme wa Kiingereza. Nikaamini, na mama akafurahi, maana Princess Margaret, mdogo wake Malkia Elizabeth, alikuja Unguja 1956. Tarehe zikaelekea kumpa mama haki.

Jambo moja tu lilinikera: mzee mmoja wa pale barazani nilipomwonyesha picha, hakumtazama bibi wala mtoto. Alitazama bahari.

"Tao liko wapi, mwanangu?"

"Tao gani, babu?"

"Lile la gatini. Lile ndilo la binti mfalme. Kibanda mimi nimekikuta. Bendi ya Sultani ikipiga pale, na sisi watoto tukikaa majanini mpaka adhana ya magharibi."

Nilirudi nyumbani nikaikagua picha kwa lenzi ya kukuzia. Kweli, nyuma ya kibanda ni maji na ngalawa mbili, tao hakuna. Kumbe watu walikuwa wamechanganya vitu viwili. Tao liliwekwa 1956 kwa ziara ile. Kibanda ni cha bustani yenyewe, na bustani ilitengenezwa 1936, Sultani Khalifa bin Haroub alipotimiza miaka 25 kwenye kiti. Alitawala tangu 1911 hadi alipofariki 1960. Ndiyo maana iliitwa Bustani ya Jubilei mpaka Mapinduzi ya 1964. Jina la Forodhani lina asili yake: hapo ndipo palipokuwa na forodha, mizigo ikishushwa na kutozwa ushuru, kabla ya kupandwa ua hata moja.

Basi picha ilipigwa baada ya 1936 na kabla ya 1956. Mama hakuwa amezaliwa.

Kwa anayehangaika na picha kama hii, mimi lililonisaidia ni kutafuta kisichokuwepo. Sura za watu zinatuvuta macho, lakini ukuta, mti au taa inayokosekana ndiyo inayokupa mwaka. Na muulize mtu aliyecheza mahali hapo utotoni kabla hujamuuliza anayepasimulia tu.

Siku hizi watu hupita pale wakiwahi urojo, mishikaki na juisi ya miwa. Bustani ilifanyiwa ukarabati mkubwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ikafunguliwa tena 2009, na naushukuru kwa moyo wote, kwani kabla ya hapo ilikuwa imechakaa vibaya. Ila nikifika, kwanza nasimama pale penye kibanda, ninapokadiria bibi alisimama, naigeukia bahari.

Nilipomweleza mama, alinyamaza kitambo, akiipangusa picha kwa ncha ya kanga yake. Kisha akanikabidhi.

"Mpelekee mjomba wako. Mwambie nimeitunza vizuri."