Sauti Iliyo Katikati

Juzi binti yangu alikuwa akisikiliza kanda ya zamani ya marehemu Ami huku amewasha kwenye simu ile programu anayolinganishia fidla yake, akaniuliza kwa nini taa inageuka nyekundu kila kanuni, chombo cha nyuzi alichopiga Ami, inapofika sauti ya tatu. Swali hilo lilinirudisha katika studio moja ya Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati vikundi vingi vya taarab vilikuwa vimekwishaingiza vinanda vya umeme.

Safari na mapatano ya bei hayana la kusimulia. Fundi mitambo, kijana mpole na mwenye bidii, alimsikiliza Ami akijaribu nyuzi, kisha akasema kwa adabu, "Mzee, chombo chako hakijakaa sawa. Kimeshuka kidogo."

"Kimekaa, mwanangu," Ami alimjibu. "Wimbo huu ni wa Rast. Sikiliza."

Akapanda taratibu kutoka chini ngazi ya Rast, mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, na alipofika sauti ya tatu akaisimamisha, akaipiga peke yake mpaka nyuzi zake tatu zikanyamaza. Kisha akagusa vijichuma vya kando, akaipandisha hadi ikalingana na kinanda, akaishusha hadi ikalingana na kibonyezo cheusi cha jirani, halafu akairudisha pale katikati, mahali ambapo kinanda hakina kibonyezo chochote. Nilikuwa nimeijua sauti ile tangu utotoni. Ndiyo inayoupa wimbo wa Rast utulivu wake, na siku hiyo niliisikia ikiwa safi kuliko wakati mwingine wowote.

"Umeisikia tofauti?"

"Nimeisikia, mzee," kijana alisema bila dharau hata kidogo. "Hiyo ya katikati ndiyo mbovu."

Sauti aliyoiita mbovu ilifuatwa mbali. Wazee wa taarab husimulia kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, na Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha Zanzibar kilichoanzishwa mwaka 1905, kikaulea muziki huo kizazi baada ya kizazi. Kinanda kile hakikuweza kubadilika na saa tulizolipia zilikuwa zikiisha, kwa hiyo Ami aliilinganisha kanuni yake na kinanda, tukarekodi, tukarudi Unguja.

Sijaweza kuamua kama sikio la kijana yule lilikuwa na upungufu, au lilikuwa limelelewa na vinanda tu na likatoa hukumu kwa uaminifu kulingana na malezi hayo. Jambo linalonitatiza zaidi ni kwamba shangazi zangu, waliokua wakiisikia Rast nyumbani kwao, waliupokea wimbo ule kwa furaha na kumtunza mwimbaji kila ulipopigwa arusini. Nilimuuliza Ami kama wameisahau sauti yetu. Alifikiri kwa muda, akasema hajui. Labda walikuwa wakisikiliza maneno.