Vienna: nilivyopigwa na wa mawigi, nikaishia chumbani kwa Schubert

Jamani Vienna, Austria, pazuri ila watu wanajua kukutoa hela kistaarabu. Pale Stephansplatz kuna vijana wamevaa mawigi meupe na makoti marefu kama kina Mozart, wale watunzi wa muziki wa zamani, wanauza tiketi za konseti, mmoja akaniambia leo muziki wa mtunzi Schubert tupu kaka, siti nzuri, yuro 60. Nikatoa. Kufika, siti yenyewe iko nyuma ya nguzo, nawaona wapiga violini nusu mkono tu, na Schubert kapigwa kawimbo kamoja, zilizobaki walsi walsi za watalii kupigia makofi. Nilitoka na hasira hata kula sikula, japo na bei za chakula za kule bora nilivyosusa.

Kesho yake nikasema basi nimfuate Schubert mwenyewe. Unashuka treni ya U4 kituo cha Kettenbrückengasse, unatembea kidogo tu mpaka namba 6, unapanda ngazi. Hapo ni kwa kaka yake, Ferdinand. Daktari ndo alimshauri ahamie huko Septemba 1828, jengo likiwa bado jipya kuta zina unyevunyevu, na tarehe 19 Novemba akafia humo, ana miaka 31. Chumba kidogo mno, mi nilitegemea kasri bwana.

Jamaa alikuwa na kaswende, 1823 ikamlaza hospitali, na Machi 1824 akamwandikia rafiki yake Kupelwieser kwamba kila akilala anaomba asiamke. Sasa mtu wa hali hiyo mi nilidhani muziki wake wa mwisho ni kilio mwanzo mwisho. Kilio kipo kweli, ile Winterreise ya 1827 nyimbo 24 za mtu anatembea kwenye barafu hana pa kwenda, hata marafiki zake walivyosikia hawakuipenda. Lakini sonata yake ya mwisho (kazi ndefu ya piano), D 960 kwenye orodha ya kazi zake, kaimaliza Septemba hiyo hiyo ya kuhamia, nikaisikiliza kwenye simu nikiwa nimesimama mlemle ndani. Inaanza taratibu kama kwaya inavyoanza pambio kabla mchungaji hajaingia, halafu chini kabisa upande wa besi noti zinatetemeka, zinanguruma kidogo, kimya, kisha ule wimbo unarudi vilevile kama hakuna kilichotokea. Nilirudisha nyuma hapo mpaka mlinzi akaanza kuniangalia vibaya. Kwangu ugonjwa uko pale, kwenye ule mngurumo, hajauficha wala hajautangaza.

Nikakumbuka kwetu Moshi. Mgonjwa akizidiwa anapelekwa kwa kaka au dada, anapewa chumba cha pembeni, na ugonjwa wenyewe hautajwi, msibani unasomwa wasifu "aliugua kwa muda mfupi". Na huyu Schubert cheti cha kifo kiliandika homa ya neva, kaswende kimya! Ferdinand akabaki na makaratasi ya muziki wake. Kwinteti (kazi ya wapigaji watano) yenye cello mbili, nayo ya 1828, imekuja kupigwa hadharani 1850, miaka 22 mwenyewe yuko kaburini.

Na konseti ya hadhara ya kazi zake tupu alifanya moja tu maisha yake yote, tarehe 26 Machi 1828, mwaka mmoja kamili tangu mtunzi mwenzake Beethoven afe. Wale wa mawigi wanayo kila jioni, na nguzo juu.