Kumpeleka Mama Unguja kutoka Tukuyu

Mama alikuwa barazani kwake Tukuyu anachambua maharage, nami nikamwambia kwamba mdogo wangu anayekaa Bububu, Unguja, amejifungua na anamtaka mama yake kwenye arobaini ya mtoto. Hakuinua macho. "Ndege sipandi, mwanangu. Na hayo maji ndiyo usiniambie kabisa."

Nina duka la vitenge Mwanjelwa, Mbeya mjini, na tangu 2015 nimekwenda Unguja mara tano, mara nyingine kwa mapumziko, mara nyingine kumwona mdogo wangu. Kila safari njia ilibadilika kidogo. Lakini kujisafirisha mwenyewe si sawa na kumsafirisha mtu wa miaka 69 mwenye magoti yanayomsumbua na hofu ambayo ina sababu. Mama alisikia redioni Septemba 2011 MV Spice Islander ilipozama usiku ikielekea Pemba. Haukupita mwaka, Julai 2012, MV Skagit iliyokuwa imetoka Dar ikazama karibu na Chumbe. Kwa mtu aliyekulia chini ya Mlima Rungwe, maji makubwa anayoyajua ni ya Ziwa Nyasa kule Matema, na hata hayo aliyatazama akiwa amesimama mchangani. Sikubishana naye. Nilimwambia nitamtafutia njia ambayo mwili wake utaiweza, halafu yeye ndiye aamue.

Ndege naitaja tu kwa wanaoiweza. Uwanja wa Songwe, ng'ambo ya Mbalizi, ulianza kupokea ndege 2012, na tangu hapo mtu wa Mbeya anaweza kunywa chai nyumbani na kula mchana Unguja: saa moja na kitu hadi Dar, kisha ndege nyingine ya kama dakika ishirini juu ya bahari. Shida ni ukungu wa asubuhi. Ukipanga kuunganisha ndege mbili, acha nafasi ya kutosha katikati. Mama alishakataa, basi yakaisha.

Alichokitaka yeye ni treni. Mjomba wake alifanya kibarua kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na nyumbani kwetu reli hiyo inazungumzwa kama ndugu aliyesoma. Nami naipenda. Niliipanda 2017 kutoka stesheni ya Mbeya, kule upande wa Iyunga, nikalala behewa la vitanda vinne na wanawake watatu nisiowajua. Wanawake hulala peke yao na wanaume peke yao, isipokuwa familia ikinunua chumba kizima. Sehemu ambayo sitaisahau ni kutoka Makambako kuteremka Mlimba. Treni inaingia handakini, inatoka, inapita juu ya daraja refu na bonde liko chini kabisa, inaingia tena handakini, na kila ukitoka gizani joto limeongezeka. Nilianza safari na sweta na shuka la kimasai, nikafika bonde la Kilombero nimebaki na blauzi. Mbele zaidi reli inapita ndani ya hifadhi, ile iliyoitwa Selous na sasa ni Nyerere, na twiga wanaonekana dirishani bila kulipa kiingilio. Kama huna haraka na unataka watoto wako waione nchi yao, wapandishe treni hiyo.

Ila siku zake kwa wiki ni chache, safari inakula siku nzima na usiku, na arobaini haingoji. Mama alikubali kwa shingo upande.

Ikabaki barabara. Hapa ndipo nina jambo la kusema kwa nguvu, kwa sababu nilijifunza kwa mwili wangu: usiunganishe basi la Mbeya na boti ya Unguja bila kulala mahali katikati. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, 2023, watu wengi hufanya hesabu ambayo karatasini ni nzuri. Unapanda jioni, asubuhi uko stendi ya Mbezi, Dar, saa tatu na nusu unapanda boti, mchana uko Forodhani unakula urojo. Nilifanya hivyo mwaka jana. Kilomita zaidi ya 800 za kukaa wima, usingizi wa vipande vipande, tumbo lenye chipsi za saa nane usiku, kisha foleni ya kuingia mjini, kisha mawimbi. Nilitapika kutoka tulipoacha bandari hadi minara ya Mji Mkongwe ilipoonekana, na siku mbili za mapumziko yangu ziliishia kitandani kwa mdogo wangu. Basi la mchana nalo halisaidii, kwa kuwa boti ya mwisho hutoka Dar jioni mapema, na wewe saa hiyo bado uko njiani.

Kwa hiyo safari ya Mama niliikata Morogoro.

Alilala kwangu Uyole, na saa kumi na mbili asubuhi tukapandia basi palepale njia panda. Nilimchagulia kiti cha mbele upande wa kondakta, miguu apate pa kunyooka. Mafinga alikuwa bado amejifunika kitenge kwa baridi ya ile misitu ya misindano. Kwenye mteremko wa Kitonga alinishika mkono kila kona, na tulipotokea Ruaha Mbuyuni, katikati ya mibuyu na marundo ya vitunguu, alifungua dirisha mwenyewe akasema, "Kumbe joto linaanzia hapa." Mikumi tuliona tembo kando ya barabara. Jioni tukashuka Msamvu, tukala wali na samaki, tukalala nyumba ya wageni ya kawaida yenye feni na chandarua.

Asubuhi ikawa zamu ya treni ya umeme. SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ikiwa 13,000, na kwa sisi wa nyanda za juu imebadilisha mambo kuliko wengi walivyokwisha kutambua. Kipande cha Chalinze, Kibaha na Mbezi ndicho kinachomaliza msafiri wa barabarani, na treni inakiruka chote. Stesheni ya Morogoro iko nje kidogo ya mji, basi ondoka mapema, ubebe kitambulisho, na mizigo iwe michache maana inakaguliwa. Chini ya saa mbili tulikuwa katikati ya Dar. Kutoka Mbezi hadi bandarini ungehitaji gari moja hadi Kimara, kisha mwendokasi hadi Kivukoni, na bado unavuja jasho. Kutoka stesheni ya SGR, teksi ilitufikisha kabla Mama hajamaliza kuuliza yale maghorofa ni ya nani. Na ile hamu yake ya treni ikawa imepata chake.

Bandarini nunua tiketi dirishani, ndani ya ofisi, kwa jina lako na kitambulisho chako. Mwaka 2015 kijana mmoja barabarani alinishika mkono akaniuzia tiketi kwa bei ya kwake, na boti niliyopanda haikuwa ile aliyoniahidi. Kuanzia siku hiyo simjibu mtu yeyote hadi nifike kwenye kioo.

Mwezi wetu ulikuwa Juni, na Juni ni kusi. Wanaotoka bara huangalia likizo za shule, hawaangalii upepo. Kusi inavuma kutoka kusini, kwa hiyo ukitoka Dar kwenda Unguja mawimbi yanakusukuma kutoka nyuma, na ukirudi unayakabili uso kwa uso. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, niliifahamu kwa kulinganisha safari zangu. Mwenye tumbo linalochafuka upesi aweke nguvu zake kwenye kurudi.

Mama nilimpa uji mwepesi na tangawizi asubuhi, basi. Nilimkalisha sehemu ya chini, katikati kuelekea nyuma, ambako boti hairuki sana kama mbele. Wahudumu walipogawa mifuko ya kutapikia, aliukunja wake akautia mkobani bila kuuliza wa nini. Nusu saa ya kwanza alifumba macho na midomo ikawa inacheza, najua alikuwa anaimba moja ya nyimbo za kwaya yao ya Moravian. Baadaye akafumbua jicho moja, akatazama dirishani, akakuta hakuna nchi kavu upande wowote. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama hawa wanaoendesha wamelala vizuri usiku.

Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa na uhakika gani? Lakini hivyo ndivyo nilivyomwambia, na akaushika mkono wangu mpaka bandari ya Malindi.

Mdogo wangu alikuwa amesimama nje ya geti na mtoto kifuani, amefunikwa kanga nyepesi. Mama hakumsalimu kwanza yeye. Alimpokea mtoto, akamtazama, akasema "Ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, mara mbili, halafu ndipo akaketi juu ya gunia letu la mchele wa Kyela palepale barabarani, magoti yakiwa yamechoka.

Kurudi tulikaa siku nne zaidi ya tulizopanga, tukingoja upepo upungue, na mume wa mdogo wangu alimuuliza baharia jirani yake kila jioni. Sasa tunapanga Desemba, kusi ikiwa imekwisha na kaskazi imeanza. Mama ameniagiza nimwekee kiti kilekile cha chini, ila safari hii anataka cha dirishani.